Roho Iliyobaki Kwenye Maegesho

"Kidogo tu, Koko," Josiane alisema, kijiko kikiwa karibu na mdomo wa mama mzee. "Kimoja tu, halafu nitakuacha upumzike."

Koko Yer aligeuza uso kuelekea ukutani. Uji wa mchele ulikuwa umeshapoa na kufanya utando juu. Josiane alirudisha kijiko bakulini, akabaki ameketi pembeni mwa kitanda, mikono mapajani. Nje, joto la Agosti lilikuwa limekwisha kuamka, na mwanga mweupe ulikuwa ukipenya kando ya pazia kama maji chini ya mlango.

Alimwita Koko kwa sababu ndivyo kwao Uvira, Kongo, wanavyowaita bibi na babu, na kwa sababu jina lake kamili lilimshinda ulimi. Mama huyu alikuwa Mhmong wa milima ya Laos. Wakati wa vita alivuka mto mkubwa na watoto mgongoni, akaishi kambini Thailand mpaka watoto wakawa watu wazima, akapelekwa Minnesota kwenye theluji, na mwisho akaja kwa mwanawe wa mwisho hapa Carrollton, kaskazini mwa Dallas. Josiane naye alikuwa na safari yake: Uvira, ziwa, miaka yote ya utoto na ujana katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kisha Mesquite. Asubuhi alimwogesha Koko, akamlisha, akamgeuza ubavu. Mchana ukipinda alivuka mji mzima kwa gari kwenda kufunga maboksi kwenye ghala moja huko Mesquite. Usingizi aliupata vipande vipande, kama mtu anayekula akiwa amesimama, na uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaisha.

Baina yao walikuwa na lugha ya viraka. Kiingereza cha kuokoteza, mikono, na maneno machache ya Kifaransa ambayo Koko aliyapata kwa wauguzi wa kambini na Josiane aliyapata shuleni. Iliwatosha. Kwa mwaka mzima iliwatosha kabisa, mpaka siku ile ya supamaketi.

Hakuna aliyeficha kilichotokea. Walikuwa wametoka kununua mchele na majani ya kitoweo kwenye duka kubwa la Waasia, Koko ameshika mkono wa kigari cha kusukuma, Josiane ameinama kupakia mfuko kwenye buti. Pikapu moja ikarudi nyuma na kupiga honi ghafla. Haikumgusa mtu. Lakini Koko alishtuka, akarusha mikono, akaanguka kwa makalio juu ya lami. Hospitali walimpiga picha, hawakuona mfupa uliovunjika. Walimpa dawa ya maumivu wakamrudisha nyumbani. Ila yule aliyerudi hakuwa yule aliyekwenda. Aliacha kula. Akalala mchana kutwa, akashtuka usingizini akishika kifua, akionyesha kwa kiganja kwamba kuna kitu kimemkalia hapo, kizito, kinamnyima pumzi.

Kwao Josiane kitu hicho kina jina: jinamizi. Lilimjia yeye pia, saa zile za kujilaza kidogo ndani ya gari kabla ya kazi ya pili. Akili iko macho, mwili umefungwa. Lakini hakujua jinsi ya kumweleza Koko kwamba analijua.

Halafu kukawa na yule mtu wa mlangoni.

Mara ya kwanza Josiane alidhani Koko anaota. Alikuwa ameketi kwenye kiti sebuleni, macho yameelekea mlango mkubwa, anaongea kwa sauti ya chini, ya mke aliyezoea kumsemesha mumewe huku anachambua mboga.

"Nani, Koko?"

"Monsieur," Koko alisema, yaani bwana. Kisha akashusha vidole vyake vyote kutoka utosini hadi mabegani, vikichezacheza, kama maji yanayochuruzika juu ya mtu.

Josiane alitazama. Mlango, kapeti, viatu vya familia vilivyopangwa. Akasimama kwenda kuhakikisha kwamba kitasa kimefungwa, na pale mbele ya mlango akahisi soksi yake inalowa. Aliinama akagusa. Kapeti ilikuwa imelowa, duara dogo la kutosha miguu ya mtu mmoja. Alitazama dari: kavu. Alitazama chini ya mlango: kavu, na mvua haikuwa imenyesha Dallas kwa muda mrefu hata watu wamesahau harufu yake. Akaleta taulo, akafuta huku akilitaja jina la Yesu, na hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mumewe Mugisho angesema apumzike. Mchungaji angesema aache kazi.

Aliyemfumbulia Josiane jambo hilo ni Pa Kou, mke wa Chue, yule mwana wa Koko, mwanamke mwembamba aliyefanya kazi ya kutengeneza watu kucha na ambaye siku hiyo alikuwa na mapumziko. Walisimama jikoni, wakiongea Kiingereza, lugha ambayo wote wawili waliipata ukubwani.

"Mama anasema roho yake imebaki kule dukani," Pa Kou alisema.

"Roho? Lakini yuko hai."

"Sisi tunasema mtu ana roho nyingi. Ukishtuka sana, mojawapo inaweza kudondoka, kama kifungo cha shati. Unaendelea kutembea, lakini unapungua. Isiporudi, unaumwa. Ikikaa nje sana, inafuata wafu." Alipunguza sauti. "Anasema baba mkwe amekuja kuisubiri. Alizama mtoni wakati wanavuka. Sasa anasimama mlangoni. Haingii. Anasubiri tu."

Josiane alimtazama usoni, akiwa tayari kuona kicheko. Hakukiona.

"Na nyinyi mnafanya nini?"

"Inaitwa. Mtu anakwenda pale ilipoangukia, na nguo ya mgonjwa, na yai, na mchele. Anaiita mpaka nyumbani." Pa Kou alifuta meza iliyokuwa safi. "Chue hataki. Ni shemasi kanisani. Mjomba wangu alilala mzima huko California, hakuamka. Tangu hapo mimi siwezi kucheka mambo haya. Lakini siwezi kumpinga mume wangu ndani ya nyumba yake."

"Kwa hiyo?"

Kutoka chumbani Koko aliita kitu, neno moja, na baada yake jina ambalo Josiane alilitambua kwa shida, kwa jinsi lilivyopindwa: Jozi-a.

"Anasema uende wewe, kwa sababu ulikuwa pale," Pa Kou alisema. "Roho itaukumbuka uso wako."

Josiane alikataa. Alikataa kwa upole, kisha kwa sababu: yeye ni mtu wa kanisa, ni mgeni katika nyumba hii, na hiyo si kazi ambayo wakala wake wa ajira amemtuma. Lakini wiki hiyo hiyo wakala alimpigia simu. Chue alikuwa amekubali: kama mama hatakula, atapelekwa kwenye nyumba ya wazee kabla ya mwisho wa wiki, ambako wataweza kumpitishia chakula kwa mrija. Josiane atatafutiwa mgonjwa mwingine. Sauti ya simu ilimshukuru kwa huduma yake.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Koko mwepesi zaidi mikononi, kama nguo iliyokauka juani. Alipokuwa akimfuta mgongo alimkumbuka bibi yake mwenyewe, Uvira. Mtoto akianguka vibaya, bibi yule alikuwa akirudi peke yake pale pale pa kuangukia, anachota vumbi, anampaka mtoto utosini. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Baadaye watu wakaokoka, na mambo kama hayo yakakoma bila mtu kuyafukuza.

"Bon, haya," Josiane alisema kwa sauti, taulo mkononi. Alikwenda jikoni alikokuwa Pa Kou, ambaye siku hiyo pia hakwenda kazini. "Pa Kou, nipe hilo yai."

*

Saa sita ya mchana maegesho ya supamaketi yalikuwa yanatoa mvuke. Josiane aliegesha karibu na ile sehemu, akashuka na sare yake ya kazi, ya buluu iliyopauka magotini. Mkono mmoja alishika bakuli la mchele mbichi lenye yai limesimamishwa katikati. Mkono mwingine, sweta ya Koko ya rangi ya zambarau. Pa Kou alikuwa amemfundisha maneno mawili tu, aliyomwambia maana yake ni njoo nyumbani, akampa na vijiti vya ubani vya kuwasha.

Aliwasha. Moshi ulisimama wima bila upepo.

"Lo che," alisema, kwa aibu. "Yer, lo che."

Mwanamke aliyekuwa akipakia vitu alimtazama, akawasukuma watoto wake ndani ya gari. Josiane alirudia, mara hii kwa sauti zaidi, na maneno yakamwisha. Mawili hayakutosha. Ukimwita mtu aliyeogopa huwezi kumwambia njoo tu. Lazima umwambie anakuja wapi, na nani yupo. Akaingia kwenye lugha yake.

"Koko Yer, ni mimi, Josiane. Twende nyumbani, mama. Hapa si mahali pa kukaa. Lami inaunguza, magari hayana macho, hakuna mtu anakujua hapa. Ile gari iliyokushtua imeshakwenda zake. Nyumbani kuna kitanda chako, kuna mto wako wa maua, mkwe wako ameweka maji jikoni. Usisimame peke yako juani. Umechoka, najua. Najua umechoka. Umekimbia vya kutosha, sasa basi, twende."

Mahali fulani katikati ya maneno hayo hakuwa na hakika tena anamwita nani. Aliona ufuko wa ziwa, msichana wa umri wa kuanza shule ananyanyuliwa kutiwa kwenye mtumbwi, kiatu kimoja kinabaki kwenye tope na hakuna anayerudi kukichukua.

Kigari kidogo chenye taa ya njano kilisimama nyuma yake.

"Madam," mlinzi alisema kwa Kiingereza, "hapa haturuhusu kuchoma kitu."

Josiane hakugeuka mara moja. "Mungu wangu," alijisemea kwa Kiswahili, "nimechoka, jamani."

Kisha yule mlinzi akasema, kwa Kiswahili cha Kenya, "Ai! Mama, kumbe wewe ni wa kwetu?"

Alikuwa mtu mzima, mnene kidogo, kofia imembana, jina kifuani limeandikwa Kamau. Alitazama bakuli, akatazama sweta, akatazama moshi.

"Sasa hii ni nini unafanya hapa? Niambie tu ukweli. Meneja ananiona kwa kamera, lazima nimwambie kitu."

"Nimepoteza kitu hapa," Josiane alisema.

"Simu?"

"Roho ya mtu."

Kamau alivua kofia, akajipangusa jasho, akaivaa tena. Josiane alimweleza, kwa maneno machache, amesimama, bila nguvu ya kupamba: mama mzee, honi, kuanguka, kutokula. Alimaliza akangoja afukuzwe.

"Yule shosho wa sweta ya zambarau?" Kamau aliuliza. "Siku hiyo mimi ndiye nilileta kiti akalie. Hakuniangalia hata. Alikuwa anaangalia pale chini tu." Alionyesha kwa kidole, hatua chache kutoka Josiane aliposimama, karibu na nguzo ya taa. "Si hapo umesimama. Ni pale."

Josiane alisogea. Kamau alirudi kwenye kigari chake, akatoa koni za rangi ya chungwa, akazipanga kuzunguka nguzo kama anayezuia magari yasiingie kwenye shimo. Gari moja lililotaka kupita lilipungiwa mkono lizunguke.

"Nitamwambia meneja kuna mafuta yamemwagika," alisema. "Maliza haraka. Na huo moshi, uzime basi, tafadhali, nisifutwe kazi."

Josiane aliuzima. Akaita tena, akiwa amekunjua sweta mbele yake kama anavyomshikia Koko kila asubuhi, mikono ya sweta wazi, tayari kuvaliwa. Kamau alisimama mbali akiwapa mgongo, kama mwanamume anayesubiri mama anyonyeshe. Josiane alipokunja sweta na kuanza kurudi kwenye gari, mlinzi alimtangulia akafungua mlango wa nyuma.

"Utajuaje kama imeingia?"

"Sijui, ndugu yangu."

"Basi tungoje kidogo."

Wakangoja, wote wawili wakitazama kiti kitupu, jua likiwapiga visogoni. Kisha Kamau akafunga mlango polepole, kwa viganja viwili, kama mtu asiyetaka kubana nguo ya aliyeketi.

Josiane aliendesha kwenye mstari wa kulia, magari yakimpita yakipiga kelele. Pa Kou alikuwa amemwambia roho isiachwe kimya njiani, isije ikapotea. "Tunapinda kushoto, Koko," alisema kwenye kioo. "Hapa ni kituo cha mafuta. Hapa taa nyekundu, tunasimama, usishuke. Ile ni kliniki yako ya macho. Bado kidogo." Alijisikia mpumbavu mpaka kwenye taa ya pili. Baada ya hapo alijisikia dereva tu, mwenye abiria mzee.

*

Gari la Chue lilikuwa nje ya nyumba. Alikuwa fundi wa viyoyozi, na mwezi kama huo hakuonekana nyumbani kabla ya giza. Lakini leo mkewe alikuwa amempigia simu, naye alikuwa amesimama mlangoni, shati limechorwa mistari ya chumvi, uso mwekundu wa mtu aliyeshinda kwenye dari za nyumba za watu. Nyuma yake, ukumbini, Koko alikuwa ameketi kwenye kiti. Pa Kou alisimama kando yake. Mama mzee ndiye aliyeomba kuinuliwa, jambo ambalo hakuwahi kuomba tangu aanguke.

"Nilisema hapana," Chue alisema kwa Kiingereza. Hakupaza sauti. "Nilisema, katika nyumba hii, hapana."

"Papa Chue, usimseme mke wako. Aliyekwenda ni mimi."

"Wewe ni Mkristo. Nimeona Biblia kwenye gari lako."

"Ndiyo. Na Jumapili nitajibu mwenyewe mbele ya Mungu." Alimsogezea bakuli. "Wakinifukuza kazi, sawa. Lakini sasa mikono inaniuma. Nimeileta mpaka hapa. Kuingia ndani, mimi siwezi kuiingiza. Njia nzima nimeiita kwa Kiswahili. Nyumba hii haisemi Kiswahili."

Chue alimtazama, akalitazama yai. "Mimi siyajui hayo maneno," alisema.

Koko alisema kitu kutoka kwenye kiti. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini haikuwa imevunjika.

"Anasema unayajua," Pa Kou alitafsiri, macho chini. "Anasema kila mlipougua kule kambini alisimama mlangoni akawaita. Wewe ndiye uliyekuwa unamshikia yai."

Josiane aliona jinsi Chue alivyochoka, aliona kama kwenye kioo: macho yaliyokauka, mabega yanayotafuta pa kuegemea. Kisha Chue akatoka nje kwenye kizingiti, akanyoosha mikono yake yenye makovu ya kuungua, akapokea bakuli. Josiane akampa na sweta.

Alianza kwa kunong'ona, akiutazama mtaa wenye nyasi zilizokauka. Akakwama. Mama yake, bila kugeuza kichwa, akampa neno lililofuata. Akaendelea, akakwama tena, akapewa tena. Halafu maneno yakaanza kuja yenyewe, yakaungana, yakawa marefu, yakapanda na kushuka, si wimbo na si maongezi. Josiane hakuelewa chochote isipokuwa yale mawili yaliyorudi kila mwisho wa pumzi: lo che, lo che. Jirani aliyekuwa akimtembeza mbwa alipunguza mwendo, akapita. Mahali pamoja Chue alikatiza, akasema kitu kifupi, kwa namna nyingine kabisa, kama anamsemesha mtu aliye karibu sana, bega kwa bega naye.

Pa Kou alifunika mdomo.

"Nini?" Josiane alinong'ona.

"Anamwambia baba yake atangulie," alisema. "Amesema, baba, nenda, asante umengoja. Mama bado ana siku."

Baadaye Pa Kou alilichemsha yai. Koko alilimenya mwenyewe, polepole, akaligeuza kwenye mwanga, akalitazama kwa muda mrefu jinsi daktari alivyotazama picha za mifupa yake. Hakusema alichokiona. Alilikata vipande viwili kwa uzi, akachovya kimoja kwenye chumvi, akakitia mdomoni. Alitafuna. Hakuna aliyesogea mpaka alipomeza. Kipande cha pili alimnyooshea Josiane.

Josiane alikipokea akaketi sakafuni kando ya mlango. Hakuwa amekula tangu alfajiri. Kiini cha yai kilikuwa bado cha moto. Simu mfukoni ilitetemeka: ujumbe wa mumewe Mugisho, akiuliza kama ameshafika Mesquite, maana msimamizi anamtafuta. Aliiacha itetemeke.

Mlango ulikuwa bado wazi. Joto lilikuwa linaingia kwa mkupuo, na mahali fulani juu ya dari mashine ya baridi ilinguruma kwa kuzidiwa. Pa Kou alinyoosha mkono kushika kitasa. Koko akasema neno moja.

"Anasema bado," Chue alitafsiri. Alikuwa ameegemea ukuta, bakuli tupu mkononi. "Anasema roho yake ni ya kizee. Inatembea polepole."

Pa Kou akaondoa mkono. Wote wakautazama ule mstatili wa mwanga mkali na kijia cha saruji kinachotoka barabarani. Josiane alikuwa amenyoosha miguu yake pale kizingitini bila kujua. Akaikunja, akaivuta kifuani, akaacha njia.